Jinsi ya Kuomba Kibali cha Bwawa Dogo la Udongo Shambani Nchini Kenya

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa za msimu, tuta la bwawa la udongo lilipasuka Solai, Kaunti ya Nakuru. Lilikuwa bwawa la binafsi, la kumwagilia shamba. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wakiwa majumbani, bondeni chini ya tuta lile.

Naanza na Solai kwa sababu mkulima anayetafuta kibali huuliza kwanza ada ni pesa ngapi na atangoja muda gani. Ana haki ya kuuliza. Lakini karibu kila karatasi atakayodaiwa inajibu swali jingine: tuta hili likiachia, maji yatampitia nani? Ukilishika swali hilo tangu mwanzo, utajua kwa nini unaombwa unachoombwa.

Shuka bondeni kabla ya kwenda ofisini

Simama juu ya tuta, au mahali unapotaka kulijenga, kisha ufuate mkondo kushuka. Usiishie kwenye mpaka wa shamba lako. Andika kila nyumba, shule, boma la mifugo, kivuko, barabara na pampu unayoikuta, na ukadirie ipo mbali kiasi gani na ukingo wa mkondo. Huenda fomu isikuulize yote hayo, lakini mhandisi wako hawezi kupima hatari bila orodha hiyo.

Kisha kadiria ukubwa wa bwawa. Hesabu ya haraka inayotumika sana ni hii: zidisha kina cha maji penye tuta, upana wa maji hapo hapo, na umbali ambao maji yanarudi nyuma bondeni, halafu gawanya kwa 6. Kina cha mita 4, upana wa mita 90 na urefu wa mita 300 hukupa mita za ujazo 18,000. Hizo ni tani 18,000 za maji zinazoegemea udongo. Watu huliita bwawa la namna hiyo dogo, na kwa kipimo cha serikali ni dogo kweli.

Kanuni za maji za Kenya hugawa mabwawa katika madaraja matatu. Daraja A ni lenye kina kisichofika mita 5 na ujazo usiofika mita za ujazo 100,000. Daraja B hufika karibu mita 15 na mita za ujazo 1,000,000. Linalozidi hapo ni daraja C. Ukubwa wa eneo linaloleta maji bwawani nao huhesabiwa. Kadiri daraja linavyopanda ndivyo uchunguzi unavyokuwa mkali na mtaalamu anavyotakiwa kuwa mzoefu zaidi. Ila usitulie kwa sababu umeangukia daraja A: mita na ujazo havihesabu nyumba ulizozikuta bondeni.

Ofisi ya kwenda

Kibali hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, iliyoundwa na Sheria ya Maji ya 2016. Mamlaka hii imegawa nchi kwa mabonde ya mito, si kwa kaunti, na ofisi zake za mabonde ziko Kakamega, Kisumu, Nakuru, Machakos, Embu na Nanyuki. Chini yake kuna ofisi ndogo. Kwa hiyo usiulize uko kaunti gani. Uliza mto wako unamwaga maji yake wapi. Wapo wakulima wenye ofisi ya kaunti jirani kabisa ambao faili lao liko mji mwingine.

Ukiwa hapo uliza pia kama bwawa lako linahitaji kibali chenyewe au la. Silanga lililochimbwa nje ya mkondo ili kukinga maji ya mvua halichukuliwi sawa na ukuta uliozuia kijito. Pata jibu hilo kwa maandishi.

Maombi yenyewe

Utahitaji nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA, hatimiliki au mkataba wa kukodi ardhi, na ramani inayoonyesha mahali pa bwawa. Ikiwa maji yatafunika hata kipande cha shamba la jirani, makubaliano yenu yawe yameandikwa na kutiwa sahihi kabla ya kupeleka faili. Maneno ya mdomo hufa na waliokubaliana.

Ripoti ya maji na michoro ya bwawa lazima ziandaliwe na mtaalamu mwenye leseni ya kazi hiyo. Mwombe akuonyeshe leseni yake, na usione haya kuuliza mabwawa aliyoyasimamia yako wapi. Mkandarasi wa tingatinga naye awe amesajiliwa.

Faili lako litapita kwa chama cha watumiaji wa maji cha mto wenu, WRUA, ili watoe maoni. Wengi huona hatua hii kama mhuri wa kutafuta haraka. Mimi naona ndiyo hatua yenye faida kuliko zote. Nenda kwenye mkutano wao mwenyewe, ubebe mchoro, ueleze ni maji kiasi gani utaacha yapite wakati wa kiangazi. Sheria inataka mto ubaki na akiba ya watu na viumbe wanaoutegemea, na hao ndio wanaojua mto ulikauka mwaka gani na ulifurika hadi wapi. Mzee anayekuonyesha jiwe lililofikiwa na maji ya El Niño ya 1997 amekupa kipimo ambacho mhandisi wako anakihitaji.

Maombi makubwa hutangazwa ili mwenye pingamizi alitoe. NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, nayo huamua ni tathmini gani ya mazingira inayofaa mradi wako. Ianze mapema, maana mara nyingi ndiyo inayochelewesha faili.

Ukikubaliwa, kwanza hupewi kibali cha kutumia maji. Unapewa idhini ya kujenga, yenye masharti na muda wake. Usiguse udongo kabla ya idhini hiyo. Ujenzi ukiisha, mtaalamu huthibitisha kwa maandishi kwamba kazi imefuata michoro, WRA hukagua, ndipo kibali hutoka.

Vitu vya kudai kwenye mchoro

Tuta la udongo huuawa na mambo mawili zaidi ya mengine: maji kulipita juu, na maji kuchimba njia ndani yake.

La kwanza huzuiwa na njia ya maji ya ziada. Udongo haustahimili maji yanayotiririka juu yake. Yakianza kuvuka tuta, hula mgongo wake na kulikata kwa muda mfupi. Njia hiyo ichongwe pembeni kwenye ardhi ya asili, isipitishwe juu ya udongo ulioshindiliwa, na ukubwa wake utokane na hesabu ya mafuriko. Mchoro usio na hesabu hiyo urudishe. Na isizibwe kamwe. Kuna desturi mbaya ya kupanga magunia ya mchanga pale ili bwawa libebe maji zaidi. Anayefanya hivyo anakula akiba ya kimo iliyoachwa kati ya maji na kilele cha tuta, na akiba hiyo ndiyo usalama wa walio chini.

La pili huzuiwa na udongo wenye mfinyanzi wa kutosha, ulioloweshwa kwa kiasi, ukashindiliwa tabaka kwa tabaka nyembamba, na msingi uliochimbwa hadi kupita udongo laini wa juu. Sehemu inayoponyoka mafundi ni pembeni mwa bomba la kutolea maji: hapo mashine haifiki vizuri, na hapo ndipo maji hupenya kwanza.

Bwawa ulilorithi bila karatasi

Mabwawa mengi ya mashambani yalijengwa zamani na hayana mchoro wala faili. Usiogope kujitokeza. Mlete mhandisi alipime kama lilivyo: urefu wa tuta, miteremko yake, hali ya bomba, upana wa njia ya maji ya ziada, na ujazo uliobaki baada ya tope kujaa. Peleka ripoti hiyo WRA pamoja na maombi, ukieleza marekebisho unayopendekeza. Msimu wa mvua ukikaribia kabla hujajibiwa, teremsha kiwango cha maji, tena polepole. Bwawa likishushwa kwa kasi, upande wa ndani wa tuta unaweza kuporomoka.

Miti iliyoota juu ya tuta isikatwe ovyo. Mizizi inayooza huacha mashimo. Mwulize mhandisi ipi iondolewe na shimo lijazwe vipi.

Baada ya kibali

Soma masharti, uandike tarehe ya kukihuisha, na ulipe ada ya matumizi ya maji kwa wakati. Kisha weka daftari la bwawa. Kila juma, na kila siku wakati wa mvua kubwa, mtu atembee juu ya tuta na chini kwenye kitako chake, akitafuta nyufa, mashimo ya fuko, mahali palipobonyea, majani mabichi kupita kawaida. Maji yanayovuja pimeni kwa ndoo na saa. Yakiwa maangavu na hayaongezeki, endeleeni kuyapima. Yakigeuka ya tope, tuta linabebwa punje kwa punje: fungulia bomba, mpigie mhandisi, chifu na ofisi ya WRA, na uwapigie simu watu wa kwenye ile orodha ya bondeni wahame kwanza, hata kama ni usiku na huna hakika.

Orodha hiyo ihuishe kila mwaka, maana watu hujenga. Na siku shamba litakapouzwa au kurithiwa, kibali huandamana na ardhi, kwa hiyo mkabidhi anayekufuata michoro, daftari na namba hizo za simu, na uipashe WRA habari ya mwenye bwawa mpya.