Mwanao anataka kurusha mpira wa besiboli: mambo ya kuzingatia kabla ya msimu

Wazazi tulioingia Marekani na soka kichwani tunaujua uchovu wa uwanjani: mtoto anahema, anaanza kutembea, kocha anamtoa. Mrushaji wa besiboli, yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, hachoki hivyo. Anasimama juu ya tuta la udongo la kurushia, uso mkavu, pumzi imetulia, na kazi yote imeangukia bega moja na kiwiko kimoja. Ukingoja uone dalili za uchovu ulizozoea, utachelewa.

Kwa hiyo kabla ya kununua glavu, nunua daftari la kuhesabia mirusho. Tangu 2007 Little League, shirika la besiboli ya watoto, inawekea ukomo idadi ya mirusho. Mwenye miaka 9 au 10 haruhusiwi kuzidi 75 kwa siku, wa 11 na 12 ni 85, wa 13 hadi 16 ni 95. Kisha kuna mapumziko: kwa wenye miaka 14 kushuka chini, aliyerusha mara 66 au zaidi hupumzika siku nne, aliyerusha kati ya 36 na 50 hupumzika mbili. Kanuni ni nzuri, ila zinahesabu mechi tu. Mazoezi ya Jumanne, mwalimu wa kulipia, na ile mirusho ya nyuma ya nyumba na kaka yake hazimo. Na mtoto akiwa na timu mbili, kila kocha anahesabu ya kwake, wakati mkono ni uleule. Anayeweza kujumlisha yote hayo ni wewe mzazi.

Muulize kocha mapema, kwa heshima lakini bila kuona haya: nani anahesabu, na mwanangu atachezeshwa pia kama mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji? Mdakaji hurudisha mpira kwa mrushaji karibu kila mara, kwa hiyo kumhamishia huko mtoto aliyetoka kurusha si kumpumzisha. Little League yenyewe inamkataza aliyefikisha mirusho 41 kudaka siku hiyo.

Kinachofanya haya yote yawe na uzito ni mifupa. Mtu mzima anapozidisha, kinachokatika mara nyingi ni ligamenti, yaani kano inayounganisha mifupa, ya upande wa ndani wa kiwiko, ile ambayo daktari Frank Jobe aliirekebisha kwa mara ya kwanza mwaka 1974 kwenye mkono wa mrushaji Tommy John wa Los Angeles Dodgers. Upasuaji huo unaitwa kwa jina la mrushaji huyo hadi leo. Kwa mtoto, mfupa bado una sehemu inayokua, ya gegedu laini, nayo ni dhaifu kuliko ligamenti iliyoshikamana nayo. Kila mrusho unaivuta. Misuli ikiwa na nguvu husaidia kubeba mzigo. Ikichoka, mzigo unahamia kwenye kiungo. Watafiti wa taasisi ya tiba ya michezo ya Birmingham, Alabama, walilinganisha vijana waliofanyiwa upasuaji na wenzao wasioumia. Waliozoea kurusha mkono ukiwa umechoka walikuwa na uwezekano wa kupasuliwa mara 36 zaidi. Waliorusha zaidi ya miezi minane kwa mwaka, mara tano.

Chukua basi kalenda, uzungushie miezi minne ya kutorusha kabisa kutoka tutani, angalau miwili au mitatu ikifuatana. Huo ndio mwongozo wa Pitch Smart wa ligi kuu ya Marekani na shirikisho lao la besiboli. Ukiishi Texas au Florida, ambako kuna mechi karibu mwaka mzima, itabidi uwe mkali. Mrudishe kwenye soka hiyo miezi.

Msimu ukikaribia, aanze kurusha taratibu wiki kadhaa kabla, umbali mfupi kwanza. Siku ya mechi, akimbie mpaka jasho limtoke ndipo ashike mpira. Mipira ya kupinda isubiri. Akiwa bado mdogo, mpira wa kasi na ule wa kupunguza kasi vinatosha.

Sasa la maumivu, na hapa malezi yetu yanaweza kutuponza. Tumelelewa kumsifu mtoto anayekaza roho. Misuli ya mkono kuuma kesho yake kisha ikaachia ni kawaida. Lakini akisema inauma ndani ya kiwiko au juu ya bega, au hawezi kunyoosha mkono wote, au vidole vinakufa ganzi, asirushe tena hata mpira mmoja. Usimchue kwa dawa ya misuli ili amalizie mechi, na usimpe kidonge cha maumivu ili arushe: utakuwa umezima kengele na moto unawaka. Wengine hawasemi kwa kuogopa kupoteza namba. Ukiona mipira yake imepoteza kasi au inakwenda ovyo, au kiwiko kimeanza kushuka anaporusha, mtoe.

Mkubaliane ishara mkiwa nyumbani, kabla ya mechi ya kwanza. Akigusa kofia mara mbili, wewe ndiye utakayekwenda kwa kocha, yeye asibebe aibu hiyo mbele ya wenzake. Na maumivu yakiwafikisha kwa daktari, nendeni na lile daftari, maana atataka kujua mkono umerusha mara ngapi.