Kabla Hujamwendea Mshauri Nasaha

Hesabu siku kwanza. Huzuni ya msiba au ya kufukuzwa kazi ina njia yake, na wengi huivuka wakishikwa mkono na ndugu na majirani. Lakini zikipita wiki mbili, karibu kila siku moyo ni mzito, usingizi unakatika saa tisa usiku, chakula hakipiti na ulivyovipenda havikugusi tena, usiendelee kujiuguza mwenyewe. Wiki mbili ndicho kipimo wanachotumia wataalamu wanapotazama sonona, yaani huzuni nzito iliyogeuka ugonjwa. Mimi baada ya kumzika mama nilikaa miezi minane nikiambiwa nipige moyo konde. Walionambia walinipenda. Hata hivyo miezi ile ilinigharimu mno.

Ukianza kuwaza kufa, acha kuhesabu siku. Mwambie aliye karibu nawe sasa hivi, akupeleke hospitali hata kama ni usiku, na asikuache peke yako.

Pima na mwili. Upungufu wa damu au tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa huleta uchovu na unyonge unaofanana sana na sonona.

Pa kuanzia ni hospitali ya rufaa ya mkoa: ulizia huduma za afya ya akili, au ofisa ustawi wa jamii. Usiogope maneno ya mtaani. Mirembe ya Dodoma, hospitali ya magonjwa ya akili, ni hospitali kama nyingine, inatibu watu, na inaniuma kwamba jina lake tumelifanya tusi.

Jua pia unachokifuata. Mshauri hatakuamulia kama uachane na mumeo au umsamehe kaka yako. Kule Harare, Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Wagonjwa hao husema wana "kufungisisa", neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi. Bibi husikiliza kwanza, kisha wanayaorodhesha matatizo yote, mgonjwa anachagua moja, wanatafuta hatua anayoiweza wiki hiyo. Akirudi wanaangalia imefika wapi. Ushauri mwingi mzuri huenda hivyohivyo, polepole, kikao baada ya kikao, na kikao cha kwanza mara nyingi huishia kwenye kulia tu.

Siku ya kwanza muulize amesomea nini, kikao ni shilingi ngapi, na siri yako inaishia wapi. Mshauri mwaminifu atakwambia mapema kwamba maisha ya mtu yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anadhulumiwa, hatanyamaza. Akikuhukumu, una haki ya kutafuta mwingine.

Andika sentensi moja ya kuanzia, maana ukishaketi pale maneno hukimbia. Yangu ilikuwa, "Silali, na sijui kwa nini nakasirikia wanangu." Beba leso. Na kama unaweza, omba ruhusa ya siku nzima. Kutoka pale na kwenda moja kwa moja kazini, macho yakiwa mekundu, ni kazi ngumu.