Kabla Hujatuma Pesa ya Ploti Nairobi

Ukiwa ng'ambo, picha ya hatimiliki uliyotumiwa kwa WhatsApp si ushahidi wa chochote. Hata cheti cha upekuzi wa sajili ya ardhi (sachi) kilichokuja pamoja nayo, chenye muhuri na sahihi, kihesabu kama karatasi tu. Jina na namba kwenye faili hubadilishwa kwa dakika chache. Mwambie muuzaji akupe namba ya ploti, kisha upekuzi uufanye wewe, au wakili uliyemtafuta wewe. Yule ambaye muuzaji anasema "ndiye tunayefanya naye kazi siku zote" mwache huko huko.

Kwa ardhi ya Nairobi mlango ni Ardhisasa, mfumo wa Wizara ya Ardhi uliozinduliwa Aprili 2021 kwa kuanzia na jiji hili. Akaunti hufunguliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa, na namba ya siri hutumwa kwa simu. Wengi hukwama hapo, maana laini ya Kenya ilishakufa. Ukija likizo ishughulikie hiyo kabla ya nyama choma. Na kama ulichukua uraia wa ng'ambo kabla ya Katiba ya 2010, ule wa Kenya uliupoteza. Omba urudishiwe kwanza. Asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi Kenya ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99.

Cheti cha upekuzi wako kikitoka, soma jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna rehani ya benki au zuio la mtu anayedai haki yake. Ardhi nyingi ya Nairobi ni ya kukodi (leasehold), kwa hiyo uliza miaka iliyobaki. Utakuta pia hati za zamani zenye namba ya L.R. (Land Reference), wakati sajili mpya inatumia namba za bloku. Muuzaji mwenye hati ya zamani huenda ni mtu mwaminifu kabisa, lakini abadilishe kwanza kwa jina lake mwenyewe, ndipo mzungumze bei.

Sasa tufike penye moto. Mfumo unakuambia kilichoandikwa kwenye sajili; haukuambii kiliandikwaje. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, ilisema kwamba kama ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, aliyeinunua baadaye hawezi kujikinga na hati yake, hata kama alilipa pesa halali bila kujua. Kwa hiyo mwagize wakili afuate historia yote: nani alipewa kwanza, kwa barua gani, na kama palikuwa mahali pa umma. Wakili akikuambia "sachi iko sawa, tuma" bila kugusa historia hiyo, tafuta mwingine.

Kuna na ploti ambazo hutaziona kwenye mfumo hata ukeshe. Pande za Embakasi, Ruai na Njiru, watu wamekuwa wakiuziana vyeti vya hisa vya kampuni za kununua ardhi. Cheti hicho ni ahadi ya kampuni kwako, na ploti moja inaweza kuahidiwa watu watatu. Mimi singeweka hapo akiba ya zamu za usiku. Anayetaka lazima, basi asubiri hatimiliki ya ploti hiyo itoke.

Ardhi yenyewe pia ikaguliwe. Lipa mpima ardhi mwenye leseni alinganishe mawe ya mipaka na ramani, aangalie kama ploti imeingia kwenye hifadhi ya barabara au ukingo wa mto, na aulize majirani nani analima pale. Binamu anaweza kupiga video, ila video ya nyasi haina mipaka.

Pesa ipitie akaunti ya wateja ya wakili wako, kwa mkataba. Amana ya kawaida ni asilimia 10. Tenga pia ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa ardhi ya mjini. Muuzaji akiwa na mke au mume, dai idhini ya maandishi ya mwenzake.

Ukimpa ndugu uwakilishi wa kisheria (power of attorney), utie sahihi mbele ya mthibitishaji wa hati (notary) wa huko uliko au kwenye ubalozi wa Kenya, kisha usajiliwe Nairobi. Utaje ploti hiyo moja na kazi hiyo moja: kununua. Ukiandika "mali yangu yote", huenda umempa pia ruhusa ya kuuza. Na siku utakapoufuta, kusajili huko kufuta nako ni muhimu, kwa sababu kumpigia simu tu hakubadilishi kitu kwenye sajili.