Unaitaka patholojia? Anza na lenzi ndogo
Mdogo wangu unayesoma udaktari hapa Mbeya, kama moyo wako uko kwenye patholojia, yaani kutambua magonjwa kwa kuchunguza vipande vya mwili maabara, usingoje mpaka umalize utarajali. Likizo hii omba ruhusa ukae maabara ya patholojia. Angalia kipande cha nyama kilichotolewa kwa mgonjwa kinavyolowekwa kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, ya asilimia 10, ujazo wa dawa ukiwa mara kumi ya kipande chenyewe. Fomalini ikiwa haba, katikati kunaoza, na jibu la mgonjwa ndiyo limepotea hivyo.

Kwenye hadubini anza na lenzi ya kukuza mara 4, usikimbilie ya mara 40. Viini vya seli utaviona vya zambarau, vinavyovizunguka ni waridi. Chora kwa penseli ulichokiona kabla hujasoma ripoti. Daftari langu la michoro ninalo mpaka leo.