Kupogoa na kulisha miwaridi Dar es Salaam
Pogoa mwishoni mwa Juni, masika yakishakatika. Ukipogoa katikati ya mvua, ugonjwa wa madoa meusi huvamia machipukizi mapya.

Noa mkasi, ufute kwa spiriti. Ondoa matawi makavu na yanayosuguana, kisha punguza mmea kwa theluthi moja tu. Ukizidisha, jua la huku huchoma shina lililobaki wazi. Kata kwa mshazari, nusu sentimita juu ya jicho (kifundo kinachotoa chipukizi) linalotazama nje. Kisiki kirefu hufa na kuoza kuelekea chini.

Machipukizi yakifika sentimita 5, mwagilia kwanza, ndipo utie vijiko 2 vya chakula vya mbolea ya NPK 17-17-17 (nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa) na nusu ndoo ya samadi iliyooza vizuri, mbali kidogo na shina. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kwenye kichanga mbolea huzama upesi, hivyo rudia kijiko 1 cha NPK kila baada ya wiki 6.