Sataranji kwa anayejua drafti: anza na vifuniko vya soda

Nairobi hukosi drafti. Nje ya kinyozi, kwenye steji ya bodaboda, kando ya karakana za jua kali, ubao uko pale, vifuniko vya soda vimepangwa, na nyuma ya wachezaji wawili wamesimama wengine wanne wakisubiri zamu. Mimi hufundisha sataranji Jumamosi mchana mtaani kwetu Eastlands, na karibu kila mtu mzima anayekuja amekulia kwenye ubao huo. Anaona miruko mitatu mbele bila shida, lakini akiketi kwenye sataranji, malkia wake ameliwa kabla chai haijapoa. Akili ya mchezo anayo. Tatizo ni mkono: drafti imeuzoesha kwamba kete ikilika, ni lazima iliwe. Sataranji haina lazima hiyo, na kuuzoesha mkono kutulia ndiyo kazi kubwa ya mwezi wa kwanza.

Hatua ya 1: Tengeneza ubao

Usisubiri hela ya kununua seti. Chukua katoni, kata mraba wa sentimita 32 kila upande, piga mistari kila baada ya sentimita 4. Utapata miraba 64, na kifuniko cha soda kinatosha vizuri ndani ya kila mmoja. Paka rangi mmoja, ruka mmoja. Tafuta vifuniko 32: vya upande mmoja, mweupe, vilale chapa juu; vya upande wa pili, mweusi, uvigeuze. Bandika karatasi ndogo zenye herufi: Mf kwa mfalme, Ml kwa malkia, N kwa ngome, A kwa askofu, F kwa farasi. Askari wanane wa kila upande waache bila maandishi.

Geuza ubao hadi kona iliyo kulia kwako iwe nyeupe. Mstari wa nyuma hupangwa kutoka pembeni kuja katikati: ngome, farasi, askofu, pande zote mbili. Malkia husimama kwenye mraba wa rangi yake, mfalme hapo jirani. Askari hujipanga mbele yao. Kisha andika herufi a hadi h chini ya ubao, kuanzia kushoto kwa mweupe, na namba 1 hadi 8 kupanda juu. Sasa kila mraba una jina, na jina hilo utalihitaji.

Hatua ya 2: Cheza na askari peke yao

Ondoa kete nyingine zote. Askari wanane kwa wanane, anayefikisha mmoja wake mwisho wa ubao kwanza ameshinda. Askari huenda mbele mraba mmoja. Akiwa bado hajaondoka mahali pake pa kuanzia, anaweza kwenda miwili. Hula kwa mshazari, mraba mmoja mbele, na hapa ndipo mchezaji wa drafti hujikwaa: huruki juu ya kete unayoila, unakwenda kukaa mahali pake. Na ukiona cha kula, una hiari ya kukiacha.

Kuna sheria moja ya ajabu. Askari wa mwenzako akiruka miraba miwili na kusimama ubavuni mwa askari wako, unaweza kumla kana kwamba alikwenda mmoja tu, lakini ni katika zamu hiyo hiyo. Ikikupita, imepita.

Cheza mchezo huu mara kumi. Wanafunzi wangu wanaouruka hurudi kuuomba baadaye.

Hatua ya 3: Ongeza kete moja moja

Rudisha ngome: huenda wima na mlalo, umbali wowote. Kesho yake maaskofu, ambao huenda mshazari na hawabadili rangi ya mraba maisha yao yote. Kisha malkia, mwenye nguvu za wote wawili. Mfalme huenda mraba mmoja upande wowote. Watoto hufurahi sana nikiwaambia kwamba askofu zamani alikuwa tembo. Mchezo huu uliitwa chaturanga kule Uhindi, yaani jeshi lenye sehemu nne: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Jina hilo lilipitia Uajemi na Uarabuni, na ndilo lililotuletea neno sataranji.

Farasi anahitaji siku yake. Huenda miraba miwili moja kwa moja kisha mmoja pembeni, na ni yeye peke yake anayeruka juu ya wengine. Mweke kwenye kona a1, ubao ukiwa mtupu, umfikishe h8. Njia fupi kabisa ni hatua 6; itafute mpaka uipate. Utagundua pia kwamba farasi wa katikati anatazama miraba 8, na wa konani anatazama 2 tu. Ndiyo sababu nakataza kumweka pembeni.

Hatua ya 4: Jifunze kumaliza

Wengi hufundisha jinsi ya kuanza mchezo. Mimi naanza na mwisho, kwa sababu asiyejua kumaliza hajui anatafuta nini.

Mfalme akitishiwa, hiyo ni cheki. Ana K tatu: kukimbia, kukinga, au kumla anayemtishia. Zote zikishindikana ni chekimeti, na mchezo umekwisha; mfalme mwenyewe haliwi kamwe.

Mweke mfalme mweusi e5. Wewe una ngome a4 na b1, na mfalme wako yuko mbali, tuseme h1. Ngome ya a4 imefunga mstari wa nne, hawezi kushuka. Leta ile ya pili b5: cheki. Atapanda mstari wa sita. Leta ya kwanza a6: cheki. Atapanda tena. Zinapokezana kama mtu anayepanda ngazi, mpaka mstari wa nane, ambako hana pa kupanda. Ila mfalme mjanja huzifuata ngome zako. Akikaribia kuila moja, usimpe cheki kwa hasira. Ipeleke upande wa pili wa ubao kwenye mstari ule ule, kisha endelea na ngazi.

Halafu jihadhari na mkwamo. Mfalme mweusi yuko a8 peke yake, malkia wako yuko b6, ni zamu ya mweusi. Hajatishiwa, lakini kila mraba wa kwenda umefungwa. Hiyo ni sare. Nimeona mtu mwenye malkia na ngome mbili akitoka na nusu pointi kwa hilo, na nyumbani hakulala.

Hatua ya 5: Swali kabla ya mkono

Askari ana thamani ya 1, farasi na askofu 3 kila mmoja, ngome 5, malkia 9. Kabla hujagusa kete, jiulize: nikienda pale, nani atanila, na mimi nitamla kwa kete ipi? Kalia mikono yako kama inabidi. Kwenye mashindano ukigusa kete yako lazima uicheze, kwa hiyo zoea mapema.

Hatua ya 6: Mwanzo mfupi

Askari e4, farasi f3, askofu c4, kisha mwingize mfalme ngomeni: anasogea miraba miwili kuelekea ngome, nayo inavuka kukaa upande wake wa pili. Inaruhusiwa ikiwa wote wawili hawajawahi kuondoka, katikati ni patupu, na mfalme hayuko kwenye cheki wala hapiti au kutua kwenye mraba unaotishiwa.

Mtu atakujaribu na chekimeti ya hatua nne: baada ya askari wake kwenda e4 na wako e5, analeta askofu c4, malkia h5, akiitazama f7. Wewe ukiwa mweusi umeshamtoa farasi c6, na malkia ndiyo kwanza amefika h5. Usikimbilie kumtisha kwa farasi f6, atakula f7 na mchezo utaisha. Sogeza askari g6. Malkia akirudi f3, hapo ndipo farasi aende f6.

Hatua ya 7: Zoezi la kila siku

Weka Lichess, programu ya kuchezea sataranji, kwenye simu. Ni bure na haina matangazo. Tegua mafumbo matano ya sataranji humo kwenye matatu asubuhi, na mchezo mmoja wa dakika 15 kila upande jioni. Ile michezo ya dakika moja iache kwanza, inaurudisha mkono wa drafti. Unapocheza kwenye katoni yako, andika kila hatua daftarini. Kesho yake upange upya, utafute mahali kete yako ya kwanza ilipoliwa bure, uchore mstari chini yake, na uanzie hapo kucheza tena na mtu yule yule.