Lori la baba: kulirudisha lilivyokuwa au kulibadili

Anza na nyundo. Ingia chini ya lori na tochi, asubuhi kabla mji haujaanza kelele, ugonge chasisi kila baada ya shubiri, kuanzia hanga za springi za mbele mpaka mwisho wa bodi. Chuma kizima kinalia ngee. Kilichooza kinajibu pwa, kama debe lililojaa unga.

Lori la marehemu baba, Mercedes 1113 lenye pua, lilinijibu pwa sehemu mbili. Miaka yote aliyobeba pamba ya Magu na Ngudu haikulidhuru. Kilicholimaliza ni miaka ya mwisho, alipolikodisha kwa watu wa kayabo pale Mwaloni, Kirumba. Kayabo ni sangara wa chumvi, anadondosha maji njia nzima, na maji yale hujificha pale bamba mbili zinapokutana. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi. Ukikuta lori la Mwanza limeliwa na kutu namna ile, uliza lilikuwa linabeba nini. Bahati yangu, kutu ilikuwa kwenye vyuma vya kukatiza, ambavyo vinafunguliwa na kubadilishwa. Ingekuwa kwenye ile mihimili miwili mirefu, ningeliuza kwa kilo.

Nikamwita mzee aliyelitengeneza tangu mimi niko darasa la pili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unataka lifanye kazi gani?"

Nikamwambia nataka lirudi kama enzi za baba.

"Sijakuuliza lionekaneje. Nimekuuliza kazi."

Swali hilo wengi tunalikwepa, hasa gari likiwa la urithi. Kama litakaa uani na kutoka siku za harusi, lirudishe kama lilivyotoka kiwandani, mradi kabini haijakatwa, namba ya injini inalingana na ya kwenye kadi, na una kipato kingine cha kulilisha. Mimi kipato kingine sina. Langu lilipaswa kubeba mchanga na mawe ya ujenzi, kwa hiyo kubadilika lingebadilika tu. Kilichobaki ni kujua libadilike kiasi gani.

Kabla hujanunua hata nati, pima kama chasisi imenyooka. Weka lori kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, shusha timazi kutoka kwenye matundu yanayofanana kulia na kushoto, mbele na nyuma, uweke alama za chaki chini. Lisukume pembeni, kisha pima pembe kwa pembe kwa mshazari, mbele kulia hadi nyuma kushoto, na mbele kushoto hadi nyuma kulia. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya sentimita moja, mimi ningeachana nalo. La baba lilipishana milimita nne. Mzee akatikisa kichwa kwa furaha, akaomba chai.

Halafu injini. Liwashe likiwa limelala usiku kucha. Moshi wa bluu usiokatika ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua au maji yanayopenya ndani. Fungua kifuniko cha kujazia oili likiwa linaunguruma taratibu: likipumua moshi kama bomba la jiko la kuni, ringi za pistoni zimekwisha. Injini ya asili ya 1113, OM352, ina silinda sita na lita 5.7, na spea zake zinapatikana, kwa hiyo usikimbilie kuitupa. Yangu tatizo lilikuwa krankishafti, kile chuma kinachozungushwa na pistoni. Ilishachongwa mpaka saizi ya mwisho, pungufu ya milimita moja, na beringi ndogo zaidi hakuna.

Hapo ndipo nilipokubali injini ya Fuso, 6D14. Ukifika hapo, nunua injini na giaboksi yake vikiwa pamoja. Anayekuambia atachonga kiungo cha kuunganisha Fuso na giaboksi ya Mercedes atakulaza gereji hadi masika. Angalia umeme pia: Fuso ni volti 24, na lori lako likiwa la volti 12, taa na waya zote zinakusubiri. Propela usiikate, chongesha nyingine ya urefu mpya. Vishikizo vya injini vifungwe kwa bolti ubavuni mwa mhimili. Ukingo wa juu na wa chini wa chasisi usitobolewe wala usichomelewe, kwa kuwa ndiko uzito unakovutia na ndiko ufa unakoanzia.

Breki ndizo nisizoziombea radhi. Za zamani nyingi zina njia moja ya mafuta: bomba moja likipasuka, zote zimekwenda. Shuka kilima cha Bugando na mawe mgongoni ukiwa na breki za hivyo, utajua uasili wa gari hauna faida kwa wajane. Gawanya njia ya mbele na ya nyuma. Usukani weka pawa, mabega yako si ya baba.

Ila injini kubwa haiongezi tani. Ile 11 kwenye 1113 ni tani kumi na moja, gari na mzigo pamoja. 13 ni nguvu za farasi 130. Nguvu nimeongeza, lakini ekseli ni zilezile, na watu wa mizani hawasikilizi habari za Fuso. Namba mpya ya injini nayo ipeleke ikaandikwe kwenye kadi mapema, kabla askari hajakufungulia boneti barabarani.

Vitu vya asili vyote rudi navyo nyumbani. Gereji ya kwanza niliyopeleka lori, sitaitaja, niliacha pampu ya dizeli ya baba juu ya meza Ijumaa. Jumatatu hakuna aliyewahi kuiona. Tangu hapo kila kinachofunguliwa nakifunga kitambaa na kuandika jina lake. OM352 iko nyuma ya jiko langu Igoma, juu ya magogo, matundu yamezibwa, oili imemiminwa kwenye kila silinda, ikisubiri krankishafti nyingine. Kuku wameifanya kiota. Kila mwisho wa mwezi nawafukuza, naizungusha nusu mzunguko kwa spana, halafu naokota mayai.